Tuulize kwanza, ndipo tukatae: mwaka wa ng'ambo kabla ya chuo kikuu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu ambao watoto wao, baada ya kumaliza sekondari, wameomba ruhusa ya kukaa nchi za nje kwa mwaka mmoja kabla ya kuingia chuo kikuu. Binti yangu aliniomba hivyo, nami nikamkatalia kabla hajafika katikati ya maelezo yake. Ilinichukua majuma kadhaa kutambua kwamba sikuwa nimelikataa ombi lenyewe, maana sikuwa nimelisikiliza. Nilichokikataa ni jina lake. Huitwa "mwaka wa mapumziko", na mzazi aliyelipa ada miaka yote hiyo akilisikia jina hilo huuliza, kwa haki kabisa, anayepumzika amechoshwa na nini.

Hofu yangu kubwa haikuwa ndege wala maradhi. Niliogopa kwamba kijana akishaweka vitabu chini mwaka mzima hatavishika tena, na naamini wazazi wengi wanaotaja sababu nyingine huficha hii. Hofu hiyo haiondolewi kwa maneno matamu, bali kwa barua ya chuo. Vyuo vikuu vingi humruhusu mtu aliyekwisha kupata nafasi aiahirishe kwa mwaka mmoja, mradi aombe kwa maandishi kabla ya tarehe iliyowekwa. Nchini Uingereza, mwombaji anaweza kuonyesha tangu kwenye fomu ya UCAS, taasisi inayopokea maombi ya kujiunga na vyuo vikuu, kwamba anakusudia kuanza masomo mwaka unaofuata. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kimekuwa kikiwahimiza wanafunzi kilichowakubali wafikirie kuchelewa mwaka mmoja, na kile cha Princeton, tangu mwaka 2009, huwapeleka baadhi ya wanafunzi wake wapya nchi za nje kwa miezi tisa ya kujitolea kabla hawajaanza mwaka wa kwanza, bila kuwatoza ada ya masomo kwa kipindi hicho. Vyuo vya namna hiyo havingefanya hivyo kama vingeona kwamba kijana anayechelewa anapotea. Wahenga walikwisha kusema: kawia ufike.

Hata hivyo, utaratibu una mpangilio wake, na hapa mzazi asilegeze kamba. Kijana aombe chuo kwanza, apate nafasi, aiahirishe, ndipo asafiri. Anayesema ataomba akisharudi anampa mzazi wake sababu halali ya kusita. Tena nafasi ya masomo ni jambo moja na ufadhili ni jambo jingine: chuo kinaweza kumsubiri mwanafunzi ilhali mfadhili au bodi ya mikopo haimsubiri, kwa hiyo swali hilo liulizwe mahali pake na jibu lipatikane kwa maandishi.

Swali la pili ni kijana atafanya nini huko, kwa sababu mwaka usio na kazi maalumu ndio utalii tunaouogopa. Ujerumani ina Huduma ya Kujitolea ya Shirikisho, iliyoanzishwa mwaka 2011 utumishi wa lazima wa jeshi uliposimamishwa. Kwa kawaida huchukua miezi 12 katika hospitali, nyumba za wazee, shule za awali au miradi ya mazingira. Aliye chini ya umri wa miaka 27 huhudhuria siku 25 za semina katika mwaka huo, na hupewa posho na bima ya jamii. Umoja wa Ulaya una mpango wake wa mshikamano kwa vijana wa miaka 18 hadi 30, unaogharimia malazi, chakula, bima, posho na mchango wa nauli kwa huduma ya hadi miezi 12. Australia hutoa viza ya kufanya kazi na kutembea kwa wakati mmoja. Milango hii, lakini, haifunguki kwa kila pasipoti: viza hiyo ya Australia ni ya raia wa nchi zilizokubaliana nayo tu, na mpango wa Ulaya una orodha yake ya nchi. Mwezi mzima wa mabishano nyumbani unaweza kuepukwa kwa kuisoma orodha siku ya kwanza.

Ipo pia njia ya kuishi na familia mwenyeji, kijana akilea watoto wao huku akijifunza lugha. Mkataba wa nchi za Ulaya uliotiwa sahihi Strasbourg mwaka 1969 ulikwisha kueleza kwamba kijana wa aina hiyo asifanye kazi kwa kawaida zaidi ya saa tano kwa siku, na kwamba apate angalau siku moja kamili ya mapumziko kwa juma. Nakiri kwamba njia hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa kuwa mahali pa kazi ni ndani ya nyumba ya mtu, ambako hakuna msimamizi anayepita kukagua. Pasipo na mkataba ulioandika saa, chumba, posho na siku ya mapumziko, jibu langu lingebaki lile lile la kwanza. Vilevile ningekataa kumpeleka kijana asiye na ujuzi wowote kujitolea katika vituo vya yatima kwa majuma machache. UNICEF na watetezi wengine wa watoto wameonya mara nyingi kwamba fedha za wageni wa namna hiyo huwafanya baadhi ya wenye vituo kuwakusanya watoto ambao wazazi wao wako hai.

Kuhusu usalama, kumwambia mtoto ajihadhari hakutoshi. Awe na bima ya afya inayolipia matibabu ya huko na gharama ya kumrudisha nyumbani akiugua sana. Ajiandikishe katika ubalozi wa nchi yake. Nakala za hati zake zibaki kwa wazazi. Ajue kwamba, kwa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli, yaani huduma za balozi kwa raia wao walio ng'ambo, mgeni akikamatwa ana haki ya kutaka ubalozi wake uarifiwe. Zaidi ya yote, pasipoti yake aishike mwenyewe. Wakala au mwajiri anayedai kumtunzia, au anayetaka malipo kabla ya kuonyesha mkataba, aachwe siku hiyo hiyo, hata awe amependekezwa na jirani.

Vijana nao nina neno lao. Binti yangu alianza kunishawishi kwa picha za milima na treni, na kila picha ilizidisha mashaka yangu. Siku niliyomwandikia maswali saba kwenye karatasi, alinyamaza siku tisa, kisha akaniletea faili: barua ya chuo, mkataba wa mradi, masharti ya bima, hesabu ya fedha ikionyesha sehemu atakayoilipa yeye kutokana na kazi aliyokuwa ameanza kuifanya, na majina ya watu wawili waliokwisha kupitia mpango ule, mmoja akiwa amerudi kabla ya muda wake. Huyo aliyerudi mapema ndiye aliyenifaa zaidi, kwani alinieleza bila kuficha habari za upweke wa majira ya baridi na lugha isiyoshikika miezi mitatu ya kwanza.

Mtu aliyetimiza miaka 18 katika nchi nyingi haihitaji sahihi ya mzazi ili asafiri, lakini bado anahitaji radhi, na vijana wetu wanalijua hilo kuliko tunavyodhani. Ndiyo maana wanaomba badala ya kutoroka. Basi tukishawapa masharti na wao wakayatimiza, si haki kuwatungia mengine ili tu jibu libaki lile lile. Nasema hivyo nikijishitaki mwenyewe: nililifungua lile faili usiku nikiwa peke yangu, nikitafuta swali la nane. Sikulipata, na asubuhi nikatia sahihi barua ya mdhamini iliyohitajika kwa ajili ya viza.

Mzazi, msomaji wa gazeti lako