Barua ya wazi kwa baba mdogo, mwenyekiti wetu wa mwisho wa kijiji

Baba mdogo, shikamoo.

Naandika hapa kwa sababu simu zangu hupokei, na mama mdogo kila nikimpigia ananiambia umelala. Wewe mambo ya mtandaoni huna habari nayo, lakini wanao wanasoma. Watakusomea.

Nikutoe wasiwasi kwanza. Sikulaumu kwa kijiji kufutwa. Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji, Aprili 2018, nani hakuona tunakwenda wapi? Serikali ilishahamia, kule Mtumba kulishatengwa eneo la wizara, na madalali wa viwanja walikuwa wakizunguka na bodaboda mpaka katikati ya mizabibu yetu. Kijiji kizungukwe na mji pande zote halafu kibaki na halmashauri yake na ardhi yake, hilo lisingedumu. Mimi mwenyewe nilisema mbele yako kwamba tukiingia mjini maji yatakuja upesi, na sijabadili neno. Maji yamekuja.

Ninachokushika nacho ni mkutano ule.

Wewe ulikuwa nyuma ya lile dawati tuliloazima shuleni, daftari la mihtasari mbele yako, muhuri ndani ya kimkebe chake. Mgeni aliyetumwa kutueleza aliongea vizuri, simkosoi. Halmashauri ya kijiji itakoma. Vitongoji vitakoma. Tutachagua mwenyekiti wa mtaa na kamati yake, lakini kugawa ardhi hakutakuwa kwetu tena. Watakuja watu wa mipango miji, wapime, watoe viwanja. Vijana wakauliza fidia. Wakauliza gharama za kupimiwa. Ukawajibu mmoja mmoja kwa upole wako ule ninaoujua.

Ndipo mama akasimama. Mama, ambaye tangu aolewe pale hakuwahi kunyoosha mkono mkutanoni. Akakaza kitenge chake, akasema, "Mwenyekiti, sisi tunazika mashambani kwetu. Sasa tutazikwa wapi?"

Ukatazama saa. "Shemeji, hilo si la leo. Kaa kwanza."

Vijana wakacheka, na mama akakaa. Hukuwakemea. Ukapita kwenye mengineyo, ukafunga mkutano, ukagonga muhuri.

Hapo ndipo ninapokwama, baba mdogo. Mama hakuja kuomba fadhila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini wa wanakijiji, na haigawi hata kipande bila idhini ya mkutano mkuu. Na mkutano mkuu ni kila mkazi mtu mzima, mama akiwemo. Nimeyajua haya kwako! Nikiwa sekondari ulinikalisha kibarazani na kile kitabu chako kisicho na jalada, ukanisomesha kifungu kwa kifungu, ukasema mwenyekiti haongozi watu wasiouliza.

Jibu lenyewe lilikuwepo. Sheria ya kuhamisha makaburi ipo tangu 1969. Ungemwambia tu, "Shemeji, tutayahesabu makaburi yote na kuyaandika kabla bikoni za mipaka ya viwanja hazijasimikwa." Ingekuchukua dakika moja, na kazi hiyo ingefanyika wakati muhuri bado uko mkononi mwako.

Na katika ukoo wetu wewe ndiye uliyetakiwa kulielewa swali lile kuliko wote. Operesheni Dodoma, ile ya serikali ya kuwakusanya watu vijijini, ilipowahamisha wazee wetu mwanzoni mwa miaka ya 1970, babu aliyaacha makaburi ya wazazi wake kule mahame. Nani alitusimulia jinsi alivyokuwa akitembea kutwa nzima kila mwaka kwenda kufyeka majani pale? Si wewe? Ulikuwa mtoto, ulimfuata nyuma ukibeba kibuyu cha maji. Kijiji hicho unachojivunia kiliandikishwa baada ya watu kung'olewa mahali pengine. Mama aliliona hilo likirudi. Wewe uliona saa.

Sisahau wema wako. Baba alipofariki ada yangu ililipwa na zabibu zako, na mwaka wanunuzi walipozikataa uliuza ng'ombe usimwambie mtu. Nilikuja kujua nikiwa mkubwa. Ndiyo maana hili linaniuma kwako, maana lingefanywa na mwingine ningelipita.

Sasa nasikia hukanyagi mikutano ya mtaa. Unasema hilo si lako tena. Nenda, baba mdogo. Wakazi wa mtaa nao wana haki ya kuuliza na kusomewa mapato na matumizi, na wengi pale hawajui waanzie wapi. Wewe unajua. Na kile kipande kilichobaki bondeni usimpe dalali, pima kwanza, upate hati kwa jina lako na la mama mdogo.

Najua utasema, mbona wewe uliuza? Maneno hayo yamenifikia kutoka kilabuni. Niliuza, ndiyo. Niliuza changu, kilichopimwa, kwa mtu niliyemjua, na fedha yote ilikwenda kwenye matibabu ya mama wakati nyie wanaume wa ukoo mkitafuta kikao cha kuchanga. Ningengoja kikao kiishe? Mtu asinitajie kuuza urithi. Nilimuuguza.

Alipofariki tulitaka kumlaza pembeni ya baba. Haikuwezekana. Upande ule wa shamba umeangukia kwenye kiwanja cha mtu mwingine, na mtendaji akatuelekeza kwenye makaburi yaliyotengwa ng'ambo ya barabara. Mnakaa safu kwa safu na watu msiowajua. Ulikuja, ukatupa udongo wako, ukaondoka kabla ya chakula. Ungekaa tu siku ile, nisingeandika haya.

Nina mambo mawili. Muhtasari wa mkutano ule, nataka kujua kama swali la mama liliandikwa. Kama halikuandikwa, uniambie mwenyewe, nisisikie kwa mtendaji.

La pili halisubiri. Mwenye kile kiwanja anataka kuanza kuchimba msingi mvua zikikatika. Nimeongea naye, ni mtu mwema, amekubali tuje kwanza tuonyeshe makaburi yalipo ili yashughulikiwe kwa taratibu. La baba nalijua. La bibi na yale ya watoto hayana alama, mawe yake yalichotwa zamani, na aliyebaki anayejua yalipo ni wewe peke yako. Niambie siku gani utaweza. Usafiri nitaleta.