Wanangu mnaosoma biolojia, bakteria haamui kitu

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Juzi nilikaa nyuma nikiwasikiliza mkielezana kwa nini antibiotiki nyingine haziponyi tena kama zamani. Mmoja akasema bakteria waliona wanakufa, wakaamua kujibadilisha. Wa pili akadai mwili wa mgonjwa ndio umeizoea dawa. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, mkaendelea na swali lingine. Nilinyamaza kwa adabu, lakini usiku usingizi ulinigomea.

Bakteria hana ubongo wa kuamulia. Ana kasi ya kuzaana. Akipata chakula na joto la kumfaa, bakteria kama E. koli anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Asipozuiwa na kitu, kwa saa 10 huyo mmoja amekuwa zaidi ya bilioni 1. Kila anapogawanyika hunakili DNA yake, yaani maelekezo yake ya urithi, na katika kunakili kote huko makosa hupenya. Mengi hayana athari, mengine yanamuua mwenyewe. Lakini katika umati mkubwa namna hiyo anaweza kuwapo mmoja ambaye kosa lake limebadilisha ile protini ambayo dawa huishambulia. Dawa ikiingia, wenzake wanateketea, yeye anabaki na nafasi yote na chakula chote, na kizazi chake kinarithi usugu wake. Tena bakteria hupeana jeni za usugu hata na bakteria wa spishi nyingine.

Kwamba bakteria sugu huwapo hata kabla ya dawa, jambo hilo lilithibitishwa zamani. Mwaka 1952 wanasayansi wa Marekani, Joshua na Esther Lederberg, walikigandamiza kitambaa cha mahameli juu ya sahani iliyoota makundi ya bakteria, kisha wakakichapa kitambaa hichohicho kwenye sahani kadhaa zenye dawa. Waliosalimika waliota mahali palepale katika kila sahani. Wakarudi kwenye sahani ya kwanza, ambayo haikuguswa na dawa hata tone, wakawakuta bakteria sugu wamo tayari. Sijui kwa nini jaribio zuri hivi halisimuliwi kila darasa. Mnakaririshwa maana ya mageuko, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, mnaimwaga kwenye karatasi ya mtihani, basi.

Na sisi watu wazima tuna lawama yetu. Mtu ana mafua, ugonjwa wa virusi, anameza antibiotiki ambayo haiui virusi hata kimoja. Mwingine anampa jirani tembe zilizobaki, bila kipimo wala ushauri wa daktari. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kwamba dozi hafifu zitazaa vijidudu sugu. Onyo hilo lilitolewa kabla wengi wetu hatujazaliwa, na bado tunazitafuna dawa kama peremende!

Makosa mengine yaliyoniudhi siku ile nayasahihisha kwa ufupi tu. Mimea hupumua usiku na mchana. Usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula, ndio unaohitaji mwanga. Kaboni iliyojenga shina la mti ilitoka hewani, haikutoka kwenye udongo. Binadamu hakuzaliwa na sokwe wa leo, ila sisi na yeye tuna mababu wa pamoja. Misuli uliyoijenga kwa mazoezi mwanao hairithi.

Wanangu, nawapenda, na maswali yenu huwa mazuri kuliko majibu mnayopewa. Mkikuta kitabu kinasema kiumbe alijibadilisha kwa sababu alihitaji, kibaneni: nani alikuwa tofauti tangu awali? Nani alikufa bila kuzaa? Tofauti ile ilirithiwaje? Nanyi walimu, jibu la bakteria aliyeamua msilipe alama hata moja. Mrudishieni mtoto karatasi yake, mkae naye mpaka aelewe.

Mzee wenu