Kabla ya kuhamishia namba za simu kwenye seva ya nyumbani

Mhariri,

Simu ikiibwa stendi ya Nanenane au ikisahaulika kwenye bajaji ya Majengo, jioni yake ujumbe ni uleule kwenye magrupu: "Nimepoteza simu, naombeni namba zenu." Ndiyo maana ushauri wa kuweka seva ndogo nyumbani, yaani kompyuta inayoachwa ikiwaka muda wote, ili majina na namba za familia nzima vikae humo badala ya kwenye akaunti ya Google au iCloud, umepata wasikilizaji wengi. Sisi tunaofunga seva za namna hiyo hapa Dodoma hatuupingi. Tunachopinga ni maelekezo yanayoanza na kufunga programu na kuishia hapohapo. Kufunga programu ni kazi ya nusu saa. Namba hupotea kabla yake, mtu asipojua zilikuwa wapi, na baada yake, mtu akidhani kusawazisha (simu na seva kufananisha orodha zao) ndiyo kuweka akiba.

Tuanze na zilipo. Orodha ya majina unayoiona kwenye Android ni mchanganyiko: mengine yako kwenye laini, mengine kwenye simu yenyewe, mengine kwenye akaunti ya Google, na skrini inayapanga yote pamoja. Laini ndiyo stoo mbaya kuliko zote. Kwa kawaida hubeba majina kama 250, hukata jina refu, na nyingi huweka namba moja tu kwa kila jina. Ukiongeza akaunti ya seva kwenye simu, hakuna jina litakalohama lenyewe. Utapata kitabu kipya kitupu, na ya zamani yatabaki yalipokuwa. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, ingia kwenye programu ya majina, hamisha yote kwenda faili la .vcf, kisha litoe faili hilo kwenye simu uliweke kwenye flashi au kompyuta. Lifungue kwa programu yoyote ya maandishi: kila mtu huanza na mstari BEGIN:VCARD, basi hesabu mistari hiyo uilinganishe na idadi ya majina kwenye simu. Zikipishana, kuna kundi limeachwa, na mara nyingi ni lile la kwenye laini.

Kisha safisha. Nani hana "Mama Neema", "Mama Neema 2" na "Mama Neema mpya"? Amua sasa ni yupi, maana ukihamisha uchafu utausambaza kwenye simu zote za nyumbani. Andika kila namba kwa +255 na tarakimu tisa zinazofuata. Namba inayoanza na 0 hupigika ukiwa na laini ya hapa tu. Mwenye laini ya Nairobi akiipiga haifiki, na baadhi ya programu huihesabu kuwa namba tofauti na ile ile yenye +255, kisha marudio yanaanza upya.

Kuhusu mashine, kinachopendekezwa sana ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, na kwa kazi hii hata ndogo kabisa, Zero 2 W yenye RAM ya megabaiti 512, inatosha. Kwa mazingira ya hapa, sisi tungeanza na laptop kuukuu ambayo betri yake bado inashika chaji. Hoja yetu ni umeme. Pi hutunza kila kitu kwenye memori kadi, na umeme ukikatika wakati inaandika, kadi inaweza kuharibika isiwake tena. Laptop huhamia kwenye betri bila mtu kugusa kitu. Gharama yake iko kwenye LUKU: Pi inayokula wati 3 hutumia uniti 2 na kidogo kwa mwezi, laptop inayokula wati 15 hufika karibu 11. Ukichagua laptop, weka HandleLidSwitch=ignore kwenye /etc/systemd/logind.conf, la sivyo italala ukifunga mfuniko. Weka kikomo cha chaji asilimia 80 kama mashine inaruhusu, kwa kuwa betri inayokaa kwenye chaji mwaka mzima inaweza kuvimba. Kiangazi, vumbi la huku huziba feni, ipulizie. Pi haihitaji feni kwa kazi nyepesi hivi, ila usiiweke juu ya dari chini ya bati, kwani ikifika nyuzi 80 huanza kujipunguza kasi.

Anayebaki na Pi anunue UPS (betri ya akiba) ndogo ya rauta yenye tundu la volti 5, na asome kibandiko cha rauta kabla ya kuchomeka: rauta ya volti 9 ikipewa 12 inaweza kuungua. Watu husahau pia kwamba UPS hiyo si ya kuifanya huduma ipatikane saa zote. Simu hubaki na nakala yake kamili. Seva ikizimwa kutwa nzima, namba zinaonekana kama kawaida na mabadiliko husubiri. UPS ni ya kulinda kadi tu. Hivyo yenye uwezo wa saa moja inatosha, mradi uwe na njia ya kuizima Pi kabla chaji haijaisha.

Programu yenyewe tunayoipendekeza kwa familia ni Radicale. Inatumia CardDAV, utaratibu uliochapishwa mwaka 2011 kwa jina RFC 6352, na kwa sababu hiyo iPhone huisoma yenyewe, na Android huisoma kwa programu ya kuongeza. Hata ukihamia seva nyingine baadaye, namba hazifungiwi. Kwenye Debian, mfumo wa Linux, ni "apt install radicale apache2-utils python3-bcrypt". Kisha tengeneza watumiaji: "htpasswd -B -c /etc/radicale/users baba". Kwa mtumiaji wa pili ondoa -c. Ukiirudia inafuta faili na kuanza upya, na baba anafungiwa nje. Ndani ya /etc/radicale/config, sehemu ya auth, andika type = htpasswd, htpasswd_filename = /etc/radicale/users na htpasswd_encryption = bcrypt. Usiruke mistari hiyo: matoleo ya zamani yasipotajiwa aina ya uthibitisho humruhusu yeyote aingie kwa nywila yoyote. Washa kwa "systemctl enable --now radicale", fungua ukurasa wake kwenye mlango (port) 5232, ingia, utengeneze kitabu cha anwani. Bila kitabu hicho simu itaunganika vizuri lakini haitaona pa kuandika, na watu huanza kuilaumu nywila.

Ukurasa huo hukubali pia kupakia .vcf moja kwa moja, lakini tunashauri usifanye hivyo. Simu nyingi za zamani hutoa faili la muundo wa 2.1, ambao seva huukataa au kuharibu herufi. Iachie simu kazi hiyo: unganisha kwanza, kisha ingiza faili kupitia programu ya majina na uchague akaunti ya seva kuwa ndiyo pa kuhifadhia.

Android haina CardDAV ndani yake. Inahitaji DAVx5, inayolipiwa Play Store na kutolewa bure kwenye duka la programu huria la F-Droid. Ukishaingiza anwani ya seva (ile ya https tunayoieleza hapo chini), jina na nywila, weka alama kwenye kitabu, chagua kusawazisha kila saa 4, kisha nenda kwenye mipangilio ya betri uiruhusu programu ifanye kazi bila kizuizi. Simu nyingi za bei nafuu huua programu za nyuma ili kuokoa chaji, na hiyo ndiyo sababu ya "mbona yangu haisawazishi" tisa kati ya kumi tunazoulizwa, kwa makadirio yetu. Data inayotumika ni kidogo. Majina 1,000 yasiyo na picha hayafiki megabaiti moja, na baada ya mara ya kwanza hupita yaliyobadilika tu. Kwenye iPhone hupakui kitu: mipangilio ya Contacts, akaunti, kisha "Add CardDAV Account". Chaguo la kuchukua data "Automatically" hufanya kazi simu ikiwa kwenye chaji na Wi-Fi. Weka kila saa kama unataka uhakika.

Halafu kuna jambo dogo linalovuruga kila kitu: akaunti ya msingi ya majina mapya. Usipoibadilisha, kila namba utakayoihifadhi kesho itakwenda Google, iCloud au kwenye laini kama zamani, na seva itabaki na orodha ya siku uliyoifunga. Android ipo kwenye mipangilio ya programu ya majina. iPhone inaitwa "Default Account". Jaribu papo hapo: hifadhi jina la uongo kwenye simu moja, sawazisha, litafute kwenye simu nyingine yenye akaunti ileile ya seva.

Ukiwa nje ya nyumba, usifungue mlango kwenye rauta. Mara nyingi hautafanya kazi hata ukitaka: angalia anwani ya nje kwenye ukurasa wa rauta, ikianzia 100.64 hadi 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na hakuna wa nje atakayekufikia. Pale unapofanya kazi, unaianika seva kwa kila mpita njia wa intaneti. Tumia njia ya faragha kama Tailscale kwenye seva na simu zote. Amri "tailscale serve --bg 5232" huipa seva anwani ya https yenye cheti halali, ambayo iPhone huipokea bila ubishi, na Radicale inabaki ikisikiliza ndani ya mashine tu. Jina la mashine huandikwa kwenye daftari la wazi la vyeti, basi usiiite kwa jina la ukoo. Asiyetaka kutegemea kampuni ya nje hata kwa hilo ana Headscale, mbadala anaouendesha mwenyewe, lakini hiyo inataka seva ya kukodi yenye anwani ya wazi, na kwa familia ya simu tano tunaona ni mzigo.

Sasa akiba. Mtoto akifuta majina yote kwenye simu moja, saa 4 baadaye yamefutika kwenye simu zote zenye akaunti hiyo. Seva imefanya ilichoambiwa. Watu wawili wakibadilisha jina moja kabla ya kusawazisha, DAVx5 huipa ushindi nakala iliyoko kwenye seva, na marekebisho ya wa pili hupotea kimya kimya. Na ukiondoa akaunti au DAVx5 kwenye simu, majina huondoka kwenye simu hiyo, ingawa kwenye seva yapo. Dawa ni nakala ya kila siku ya folda /var/lib/radicale/collections kwenda kwenye diski nyingine, kama flashi, ikiwa na tarehe kwenye jina la faili, na kutunza za siku 30. Andika amri ya tar (inayofunga folda kuwa faili moja) kwenye faili la skripti, kisha cron, kipanga ratiba cha Linux, iliite hilo. Ukiiweka amri yenye alama ya asilimia moja kwa moja ndani ya crontab, cron huikata hapo na hakuna nakala inayotengenezwa. Skripti ianze kwa kuhakikisha flashi imepachikwa, kwa sababu isipokuwepo nakala zitaandikwa kwenye kadi ileile unayoiogopa. Umeme ukikatika saa ya cron, zamu hiyo inapita. Anacron hufidia mashine ikiwaka. Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa inayotembea bila umeme, kwa hiyo baada ya siku kadhaa za kuzimwa huamka zikidhani ni tarehe ileile ya zamani, mpaka intaneti irudi.

Kurejesha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Radicale huhifadhi kila jina kama faili lake la .vcf, hivyo ukipoteza jina moja unalitoa faili lake kwenye nakala na kuliingiza kwenye simu, bila kurudisha kitabu kizima nyuma.

Ofisi, maduka na vikundi vya kukopeshana ni habari nyingine. Radicale kwa kawaida humpa kila mtumiaji vitabu vyake tu, na kushirikisha kitabu kimoja kwa haki tofauti kunataka kuandika faili la haki kwa mkono. Hapo afadhali Nextcloud, programu nyingine ya seva yenye ukurasa wa kushirikisha, juu ya mashine ya RAM gigabaiti 4 na diski ya SSD. Mfanyakazi akiondoka, funga akaunti yake siku hiyohiyo, ukijua kwamba alichokwisha kukisawazisha yuko nacho kama amekinakili. Na kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, ofisi inayokusanya namba za wateja inatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hata kama seva iko chini ya meza ya mhasibu.

Mafundi wa mitandao ya kompyuta,
Nzuguni, Dodoma