Mwanangu, Z haifunguki

Tabata, Dar es Salaam

Neema mwanangu,

Baba yako kanionyesha ujumbe wako kwamba treni imefika Dodoma salama. Alhamdulillah. Sasa niambie, neno la siri la kompyuta ya sebuleni ni lipi? Jumamosi kikoba kinakaa kwangu na hesabu za akina mama zote ziko humo.

Tangu uondoke, kwenye laptopu yangu ile Z, ninayofungulia hesabu za kikoba, ina alama nyekundu ya X. Moyo ulinipasuka, nikajua umefuta. Nikakimbilia sebuleni: hisa zipo, mikopo ipo, hadi faini. Kumbe ni jina tu. Juma wa mama mdogo anasema Z ni njia ya kuifikia kompyuta ya sebuleni, na ndani ya njia hiyo limeandikwa jina la zamani. Wewe umebadilisha jina, ukaizima, ukaiwasha, ukapanda treni. Laptopu yangu inabisha hodi kwa mtu aliyehama.

Juma kaikata ile Z, kaandika njia upya kwa jina jipya, \\NYUMBANI\Kikoba. Ikaitikia! Lakini inadai neno la siri, maana lile uliloliweka mwanzo lilihifadhiwa kwa jina la zamani. Tumejaribu tarehe yako ya kuzaliwa, imekataa. Ni lipi, Neema? Printa nayo imegoma, ilikuwa ikipitia jina lilelile.

Najua nililalamika kwamba lile jina la kiwandani, DESKTOP na mavitu yake, halisomeki. Sikusema ulibadilishe usiku wa kuamkia safari. NYUMBANI ni jina zuri, na halizidi zile herufi 15 zinazoruhusiwa kwa jina la kompyuta. Mtaa huu hakuna binti mwingine wa kuyajua hayo. Ila ungeniambia.

Wala usinishauri nifungulie sebuleni. Wageni wa baba yako hawabanduki kwenye TV, na deni la mtu halisomwi mbele yao. Juma alitaka kuliondoa kabisa neno la siri, folda iwe wazi kwa yeyote aliye kwenye waifai yetu. Nimemkatalia, wapangaji nao wanaitumia.

Maji siku hizi yanatoka usiku tu, kwa hiyo mashuka yako bado sijafua. Blanketi umelisahau kitandani, na baridi ya huko unaijua. Nitamfungia mtu anayekuja wiki ijayo, pamoja na dagaa.

Hilo neno usilitume kwenye grupu la familia. Shangazi yako yumo, na kwenye kikoba anadaiwa. Nipigie.

Mama yako