Wauza michopo wapewe vioo

Bwana Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu ningali kazini relini, na sijawahi kuwaandikia. Mlipogeuza matokeo ya timu yangu ya Lupopo kichwa chini, nilinyamaza. Mlipochapa fumbo la maneno lenye visanduku vingi kuliko herufi, nilijaza vivyo hivyo. Lakini ule ukurasa wa wiki iliyopita, wa meza ya kuangalia mechi kubwa, umenichokoza, na mama watoto amesema afadhali niwaambie nyinyi, yeye amechoka kusikia.

Mnakumbuka mlichoandika. Vibakuli sita vimepangwa mezani kama kiwanja. Mabawa ya kuku ya kuchovya kwenye mchuzi mwekundu, chipsi za mahindi zilizomwagiwa jibini ya kuyeyuka, avoka iliyopondwa na limau na kitunguu. Mimi na avoka hatuna neno. Tunaila na mkate na chumvi tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba ikipondwa inapata jina na bei mpya.

Alichoacha mwandishi wenu ni kusema kwamba meza ile ilipangwa kwa ajili ya mpira mwingine kabisa. Ni ya Wamarekani, ya ile fainali yao ya Februari, Super Bowl. Mpira wao una robo nne za dakika 15, ila saa inasimamishwa kila mara, kwa hiyo mchezo wa dakika 60 unakula zaidi ya saa tatu. Mtu anarusha, wanaangushana, wanainuka, wanakusanyika kushauriana, matangazo yanapita, na mapumziko ya kati yanaletewa mwanamuziki na jukwaa lake zima. Katika nafasi hizo mtu anachovya bawa lake, anafuta vidole, anakwenda jikoni na kurudi, hajapitwa na kitu. Wana haki yao. Mabawa yenyewe yalianzia mji wa Buffalo, jimbo la New York, mwaka 1964, na huko hakuna anayemcheka mtu mwenye mchuzi mpaka kwenye kiwiko. Kwetu fainali hiyo huanza saa saba na nusu usiku, kuamkia Jumatatu, saa ambayo Lubumbashi nzima aliye macho ni mlinzi na mbwa wake.

Mpira wetu haumsubiri mtu. Dakika 45 hazina kituo. Ukiinamia bakuli unasikia kelele, unainua kichwa, na goli limeshaingia. Unaonyeshwa marudio kama mgeni aliyechelewa msibani.

Ndiyo maana watu wa terasi, hizi baa zetu, walikwisha kuchagua zamani, bila msaada wa gazeti. Chakula cha mechi ni kile kinacholiwa bila kuangaliwa. Karanga za chumvi, zinapimwa kwa kikombe kidogo, zinafungwa kwenye karatasi, mkono unajua njia. Yai la kuchemsha, ambalo mtoto muuzaji anakumenyea mwenyewe, analipasua, anatia chumvi na pilipili katikati, anakuwekea kiganjani, na wewe shingo hujaigeuza. Na kikanda! Mwandishi wenu hakukitaja hata kwa herufi moja. Viazi vidogo vya okidi za porini, vilivyokaushwa, vikatwangwa, vikapikwa na unga wa karanga, pilipili na magadi mpaka vikaganda, halafu vinakatwa vipande kama soseji. Hakidondoshi mchuzi wala hakina mfupa. Wazambia wanakila, sisi tunakila, na wachimbaji wanazidi kwenda mbali porini kwa sababu ukishang'oa kiazi, ua lenyewe limekwisha. Hiyo ndiyo habari ya kuandika ukurasa mzima, bwana.

Tarehe 14 Desemba 2010, Mazembe, mahasimu wa Lupopo hapa mjini, walipocheza na Internacional ya Brazili kule Abu Dhabi, nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, nilikuwa kwenye lupango, yaani uani, kwa jirani yangu, mtu wa Mazembe wa kufa na kuzikwa. Mimi ni wa Lupopo, mtoto wa reli. Nilikwenda ili nione wanavyofungwa. Mke wake akapitisha sinia la kikanda, na kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, wa siku moja, ule ambao bado ni mtamu haujaanza kuchachuka. Kabangu alipofunga nilikuwa na kipande mdomoni. Kaluyituka alipoongeza la pili nilikuwa nimesimama, napiga makofi. Watu wa Lupopo wanisamehe, kosa lilikuwa la kikanda. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika fainali ile kabla ya siku hiyo. Kwenye fainali Inter ya Italia walitupiga 3-0. Ona, nimeandika "walitupiga".

Sasa nieleze kilichonipata mimi, ili mjue kwamba siandiki kwa ajili ya wivu wa vibakuli. Ilikuwa Jumapili, tarehe 28 Januari 2024, Kongo na Misri, kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire. Kwa saa zetu mechi ilianza saa nne usiku. Nilikwenda kwenye terasi moja ya mtaani kwetu, sitaitaja. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Mkoa unaochimbia dunia shaba ya nyaya zake, haya, tuyaache. Jenereta ya pale ina nguvu ya kubeba televisheni au friji, si vyote viwili, na mwenye terasi akachagua televisheni. Alichagua vizuri, ingawa bia yangu ya Simba ilikuwa vuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto. Elia akafunga, Misri wakarudisha kwa penalti kabla ya mapumziko, na baada ya hapo ikawa kuumana tu, mpaka dakika 90, mpaka nyongeza. Njaa ikanishika. Nikatoka kwa kijana wa michopo, nyama ya kuchoma, ambaye mbabula yake, jiko la makaa, iko nje chini ya bati, na manyunyu yanaanguka. Nikaagiza mbuzi wa franka elfu kumi. "Dakika tano, Papa." Akatia nyama motoni. Dakika tano zikawa kumi na tano, filimbi ikalia, penalti zikaanza, na kijana akaweka koleo chini akaondoka! "Papa, ungoje kidogo, beko banapika penalti." Kwa Kiswahili chetu cha hapa kupiga na kupika ni neno moja, na usiku ule nililielewa vizuri sana, maana wao walikuwa wanapika kule ndani na mimi nikabaki napika huku nje. Ningefanya nini? Nyama ilikuwa inaungua, na ilikuwa yangu. Nikashika koleo. Nikageuza yangu, halafu kwa huruma nikageuza na za wenzangu. Mtu mmoja akapita anatoka kujisaidia, akaniuliza, "Papa, ya kwangu imeiva?" Nikamjibu bado kidogo. Miaka thelathini na moja relini, na uzee umenikuta ninageuza mbuzi wa watu kwenye manyunyu. Nikiwa nimeinama hivyo, na moshi machoni, nikasikia terasi nzima inaguna, halafu baada ya muda mfupi inalipuka. Kipa wa Misri alikuwa amegonga mwamba, na Mpasi, kipa wetu, akaja akafunga. Nane kwa saba. Nimeyaona yote mawili kesho yake, kwenye simu ya mjukuu.

Kijana akarudi analia kwa furaha, akanikumbatia, akaifunga nyama kwenye karatasi la mfuko wa simenti, sehemu moja nyeusi kama makaa yenyewe, akanitajia elfu kumi na tano. Nikamwuliza hizo tano ni za nini. Akasema, usiku umekuwa mkubwa.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, hili la noti nalo liandikeni. Nilimpa dola kumi. Akaiinua kwenye taa ya simu, akaigeuza, akaona mchaniko pembeni, mdogo kuliko mguu wa sisimizi, akanirudishia: haipiti. Nikatafuta nyingine mfukoni. Hiyo ikapita, na chenji akanipa kwa franka zilizolegea kama kitambaa cha kufutia meza, mbili kati yake zimeunganishwa kwa gundi na moja haina kona. Hizo zinapita! Dola tunazibembeleza kama mayai, tunazilaza kati ya kurasa za Biblia zisikunjike, na bado muuza nyama, muuza vocha, mtoto wa karanga, kila mmoja amekuwa daktari wa macho wa noti. Kiwango cha kubadilisha nacho kilikuwa cha kwake peke yake, hakifanani na cha wabadilishaji fedha wa barabarani mchana ule. Nikauliza. Akanionyesha anga, kana kwamba kiwango kinatoka kwenye mvua.

Mimi sitaki afungwe wala aadhibiwe bure, michopo yake ni mizuri ikisimamiwa. Ninachopendekeza ni kioo. Kile cha saluni za wanawake, cha urefu wa hatua moja, kitundikwe juu ya kila mbabula, kikiinama kidogo, kielekee televisheni. Mchomaji atageuza nyama anaona mechi, na mteja anayesubiri ataona pia. Matokeo yatasomeka kinyume, lakini Mpasi ni Mpasi upande wowote. Oda zifungwe dakika ya 80. Mechi ikienda nyongeza, zifunguliwe tena, zifungwe tena kabla ya penalti. Nyama ipimwe kwa mizani, si kwa jicho la mtu aliyeshangilia. Dola zikaguliwe kabla ya wimbo wa taifa, asije mtu akafanyiwa uchunguzi wa noti saa saba usiku.

Na mwandishi wenu namkaribisha. Derby ijayo ya Lupopo na Mazembe, aje na vibakuli vyake sita kwenye terasi ile, asimame mbele ya televisheni, avipange kama alivyotuelekeza. Tutamsubiri amalize. Kikanda nitaleta mwenyewe.

Na lile fumbo la maneno, rudisheni herufi zake.

Msomaji wenu,
Mzee wa reli, mtaa wa Kenya, Lubumbashi