Walimu wa gredi za chini hatukulala wakati wa korona

Kwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa chuo cha walimu na sijawahi kuwaandikia hata siku moja. Mwaka 2020, tulipokuwa tukisemwa kila kona, nilinyamaza nikaendelea na kazi. Lakini ripoti yenu ya wiki iliyopita kuhusu matayarisho ya masomo ya mbali endapo shule zitafungwa tena imenichoma moyo. Mnakumbuka mlimnukuu afisa mmoja wa elimu akisema kwamba wakati wa korona walimu wa shule za msingi walikaa nyumbani wakila mshahara, na kwamba safari hii kila mmoja ataingia mtandaoni apende asipende. Mwandishi wenu aliyapokea maneno hayo yalivyo. Hakumpigia simu hata mwalimu mmoja.

Mshahara tulipata, sisi tulioajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, na hilo sitalikana. Mwenzangu wa Gredi ya 1, aliyeandikwa na bodi ya shule, hakupata senti tangu Aprili hadi mwaka ukaisha. Aliuza mihogo ya kukaanga kando ya barabara, na watoto wake wa darasani wakipita walikuwa wakimwamkia, "Shikamoo mwalimu."

Mimi hufundisha gredi za chini katika shule ya umma huku Kinango, Kaunti ya Kwale. Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza Jumapili ya Machi 15, 2020 kwamba shule zifungwe, nilikuwa na Gredi ya 3 yenye watoto 67. Nambari za simu za wazazi nilizokuwa nazo zilikuwa 19, na baadhi hazikuwa zikipatikana tena. Wenye simu za kupangusa walikuwa 6. Tuliagizwa tuunde vikundi vya WhatsApp, nami nikaunda: wazazi 6, mwalimu mkuu na mimi. KICD, taasisi ya serikali inayotayarisha mitaala, ilirusha vipindi kupitia redio ya KBC na televisheni, na waliovitayarisha walijitahidi, siwalaumu. Ila mtoto wa miaka minane hashiki daftari eti kwa sababu redio imesema ashike. Hulishika akijua kuna mtu mzima anayemjua kwa jina, atakayemuuliza keshokutwa amefika wapi, na ambaye hamwogopi akikosea. Kitu hicho hakirushwi hewani. Ama mwalimu alikuwa amekijenga kabla ya shule kufungwa, ama alikuwa amekibomoa.

Nami nilikuwa nimekibomoa, acha niseme ukweli. Ijumaa Machi 13, siku mbili kabla ya tangazo, niliwarudisha nyumbani watoto waliokosa shilingi 50 za karatasi za mtihani. Orodha ilitoka ofisini, lakini sauti iliyoisoma ilikuwa yangu. Mmoja wao alikuwa mvulana aliyesoma kwa sauti kuliko wote, yule ambaye wenzake walimwangalia mdomo hadithi ikianza. Alifunga daftari lake, akaliacha juu ya dawati, akatoka bila kuniangalia. Basi neno la mwisho alilolisikia kwa mwalimu wake, kabla ya kukaa nyumbani karibu miezi kumi, likawa nenda ukalete pesa. Mwezi wa Juni nilipoanza kuzunguka maboma na barakoa yangu na maswali niliyoyaandika kwa mkono, nilifika kwao, kilomita saba kutoka kwangu. Aliponiona kwa mbali alikimbia akajificha nyuma ya zizi la mbuzi. Mama yake alinipa kigoda, akainamisha kichwa, akaniambia, "Mwalimu, usimlaumu. Anadhani umefuata zile hamsini." Mhariri, nimefundisha miaka mingi, nimefokewa na wazazi, nimeitwa ofisini, lakini sijawahi kuvunjika moyo kama siku ile. Niliacha maswali yangu kwa mama nikaondoka. Wiki iliyofuata nilirudi, hakutoka. Safari ya tatu nilibeba lile daftari alilolisahau juu ya dawati. Nilikuwa nimelisahihisha lote, na ukurasa wa mwisho nimeandika jina lake na kwamba hadaiwi kitu. Nililisoma kwa sauti pale uani, nikielekea zizini. Alitoka pole pole, akalichukua, akalifungua, akahesabu tiki moja moja kwa kidole. Halafu akaingia ndani akarudi na karatasi ya unga aliyoipasua ikawa bapa. Upande wa ndani ulijaa hesabu za kujumlisha alizoandika kwa mkaa, zikiwemo zile nilizoacha kwa mama yake, na nyingine ngumu kuzidi hizo alizojitungia mwenyewe. Alikuwa akisoma muda wote huo. Ni mimi tu ambaye hakutaka kunionyesha.

Kuanzia hapo tukapatana. Mama yake alikuwa na kabambe, simu ndogo ya vitufe, aliyoichaji dukani kwa shilingi 20 kila Jumanne. Kwa hiyo kila Jumanne saa moja jioni nilipiga, naye akanisomea ukurasa mmoja, mbuzi wakilia nyuma yake, mpaka kredi yangu ikatike. Sikuwa na wa kunirudishia kredi hiyo. Nilifanya hivyo kwa watoto 31, wale niliofaulu kuwapata, wengine kwa simu, wengine kwa miguu. Waliobaki 36 sikuwapata, na mpaka leo majina yao nayakumbuka kwa mpangilio wa rejista. Shule zilipofunguliwa Januari 4, 2021, wengi kati ya hao walikuwa wamerudi nyuma hata kwenye silabi, na wanne hawakurudi kabisa. Tena gredi yangu haikuwa katika wale waliorudishwa mapema Oktoba 2020. Walioitwa Oktoba 12 walikuwa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, niseme na la vishikwambi. Serikali ya Jubilee iliahidi laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, na kuanzia 2016 shule zikaletewa vishikwambi. Vya shule yetu vilikaa ndani ya stoo yenye vyuma dirishani na makufuli mawili. Mwaka ule mzima wa 2020, watoto wakiwa nyumbani wanaandika kwa mkaa kwenye karatasi za unga, vyombo vile vilikuwa gizani, tena kila usiku bawabu akivilinda. Niliuliza kama naweza hata kuazimwa vitano nizunguke navyo. Nikajibiwa kwamba kimoja kikipotea nitakilipa mimi. Leo mnatuandikia tena habari za kuingia mtandaoni kana kwamba hatujawahi kusikia wimbo huu. Na zile shilingi 50 za mtihani zinatoka wapi, ikiwa elimu ya msingi imekuwa bure tangu 2003? Zinatoka hapa: serikali humtengea mwanafunzi wa shule ya msingi shilingi 1,420 kwa mwaka, pesa zenyewe huja zimechelewa na kwa vipande, mwalimu mkuu anabanwa, naye anambana mwalimu wa darasa, na mwalimu wa darasa anambana mtoto. Mnyororo mzima unamwishia mtoto wa miaka minane, ambaye kesho atatakiwa amwamini mwalimu huyo huyo kwa simu. Mwaka 2024 mafuriko yalipousogeza muhula wa pili kutoka Aprili 29 hadi Mei 13, hakuna aliyetuuliza watoto wetu tungewapataje. Tulikaa tukisubiri tangazo, vile vile kama 2020.

Huyo afisa akitaka kutusaidia, asituletee semina ya siku mbili hotelini. Kila mwalimu wa Gredi ya 1 hadi ya 3 atumiwe shilingi 500 za kredi siku ile ile shule zinapofungwa, na kila mwezi baada ya hapo, pamoja na nauli ya bodaboda ya siku mbili kwa wiki. Walimu wa bodi walipwe kama sisi. Rejista ya darasa iongezwe safu mbili: simu ni ya nani, na yuko nyumbani saa ngapi. Mara nyingi nambari tulizonazo ni za baba aliye kazini Mombasa, na mtoto yuko Kinango. Kabla ya mlango wa darasa kufungwa, kila mtoto atoke na madaftari yake yote pamoja na penseli mbili. Na asirudishwe mtoto nyumbani kwa sababu ya pesa, iwe wiki ya kwanza au ya mwisho. Mimi nimekataa kusoma orodha hizo tangu Januari ile ya 2021, na barua ya kujieleza nimeshaandika mara mbili.

Mwandishi wenu akitaka kuja kuona, namkaribisha kwa mikono miwili. Ile safu ya simu na saa nimeichora mwenyewe kwenye rejista yangu na nitamwonyesha. Ila aje siku ya Jumanne, kwa maana ndiyo siku ambayo simu nyingi za huku huwa na chaji.

Mwalimu wa gredi za chini,
Kinango, Kwale