Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa: Kiwanda Chetu Kitengenezwe, Kisifungwe

Kigoma

Kwa Mheshimiwa uliyetuahidi tanuru jipya,

YAH: KUFUNGWA KWA KIWANDA CHETU CHA VYUMA

Mheshimiwa, shikamoo.

Natanguliza heshima kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na kwa sababu nataka uisome barua hii mpaka mwisho. Jina lako sitalitaja, cheo chako sitakitaja, na kiwanda nacho nitakiita kiwanda tu. Utajijua mwenyewe. Majirani zangu nao watakujua, maana walikuwepo siku ulipokuja ukavalishwa kofia ngumu, ukatembezwa mpaka tanuruni, kisha ukapanda jukwaani ukasema mambo matatu: tanuru la zamani litaondolewa, moshi utafungiwa mtambo wa kuuchuja, na maji machafu hayatateremka tena ziwani. Tulikupigia makofi mpaka viganja vikauma. Mimi ni miongoni mwa waliopiga vigelegele.

Wiki iliyopita ilinyesha mvua kubwa usiku. Kulipokucha, mtaro unaotoka kwenye uwanja wa vyuma chakavu ulikuwa unashusha maji meusi yenye utando wa mafuta. Yakapita nyuma ya nyumba zetu, yakaenda kuishia ufukweni, pale pale ambapo akina mama wameanika dagaa. Kuna waliomwaga mzigo wote. Mama mmoja alikaa juu ya mchanga akalia, na mzigo wenyewe alikuwa ameuchukua kwa mkopo wa kikoba. Watu wakapiga kelele, picha zikazagaa kwenye simu, na kabla ya jioni wakaja watu na karatasi na kufuli. Kiwanda kimefungwa "hadi hapo itakapotangazwa vinginevyo." Wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani. Hakuna aliyeambiwa arudi lini, na hakuna aliyeambiwa mshahara wa mwezi huu ataudai kwa nani.

Mheshimiwa, mimi ni mama lishe. Kibanda changu kipo karibu na geti la kiwanda. Asubuhi nauza chai na maandazi, mchana ugali na mgebuka. Mume wangu ni mmoja wa wanaomimina chuma kwenye kalibu. Mwanangu wa mwisho ana kifua kibovu, na daktari ameniambia nimtoe kwenye moshi. Nimtoe nimpeleke wapi? Nyumba tuliyopanga ndiyo tunayoiweza kodi yake, na kodi yenyewe inatoka kwenye tanuru hilo hilo. Sasa tanuru limezimwa. Kifua cha mtoto kimepata nafuu kidogo, na dawa yake sina hela ya kuinunua. Hayo ndiyo maisha yangu leo, na sitaki mtu aniambie nichague kimoja.

Maana huko ofisini nasikia tunagawanywa makundi mawili. Inasemekana wapo watu wa ziwa wanaotaka kiwanda kifungwe, na wapo watu wa kiwanda wasiojali ziwa. Aliyekueleza hivyo hajawahi kuishi mtaani kwetu. Shemeji yangu ni mvuvi, mdogo wake ni kibarua wa kiwandani. Mama aliyemwaga dagaa, mwanawe anasukuma mkokoteni akikusanya skrepa za kupeleka hapo hapo. Mwaka 2024 Serikali iliposimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, ni nani aliyelisha nyumba za wavuvi? Wengi walikuja kibandani kwangu kula kwa daftari, na daftari hilo lililipwa kwa mishahara ya ndugu zao wa kiwandani. Ziwa likipumzika, kiwanda kinatubeba. Kiwanda kikiyumba, tunarudi ziwani. Anayetaka kutugombanisha atafute mtaa mwingine.

Kwa hiyo msimamo wetu ni mmoja, na tumeusema kwenye mkutano wa mtaa mbele ya mwenyekiti: tunakitaka kiwanda, na tunakitaka kikiwa kizima. Kitengenezwe.

Sijasomea uhandisi, ila mafundi wanakunywa chai kwangu kila siku na masikio ninayo. Wanasema tatizo linaanzia uwanjani, kabla hata chuma hakijaingia motoni. Vyuma vinamwagwa juu ya udongo mtupu, chini ya mvua: injini zenye oili, pikipiki mbovu, mapipa yaliyobeba sijui nini, betri ambazo zilipaswa kutengwa. Mvua ikinyesha inaosha vyote hivyo na kuteremka navyo. Sakafu ya zege, paa, mtaro wa kuzunguka na bwawa la kutulizia maji lenye mtego wa mafuta, je, hayo nayo yanasubiri mtaalamu kutoka ng'ambo? Hapa Kigoma mafundi wa zege wapo, na wengine hivi sasa wamekaa vijiweni hawana kazi.

Moshi nao una sababu zake. Mabati yana zinki, na zinki huchemka ikageuka mvuke kwenye nyuzi joto 907, wakati chuma cha kusubu hakijayeyuka bado, maana chenyewe kinataka takribani 1,200. Hivyo kabla chuma hakijalainika, zinki imeshapanda juu, na ndiyo ule moshi mweupe unaotanda alfajiri. Ule mweusi unatokana na rangi, plastiki na oili chafu inayochomwa ili kuwasha tanuru. Ikipenya betri moja, inaongezeka risasi, yale madini yenye sumu yaliyomo ndani ya betri, na Shirika la Afya Duniani limeshasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Nikisikia hayo nikiwa na mtoto mgongoni unafikiri nalala?

Lakini mafundi hao hao wanasema dawa yake inajulikana, na viwanda vingi duniani vinaitumia. Inawekwa kofia kubwa ya bati juu ya tanuru, inafyonza moshi wote kupitia bomba, moshi unapitishwa kwenye mifuko ya kitambaa maalumu inayokamata vumbi, na kinachotoka juu ni hewa iliyochujwa. Vumbi linalobaki linafungashwa na kuhifadhiwa mahali salama, halimwagwi mtaroni. Mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki chuma kikishayeyushwa, nayo yanatafutiwa sehemu yake, yasitupwe kwenye korongo ambako watoto wanachezea. Na tanuru lenyewe linakuwa la umeme, oili chafu inakoma. Haya yote, Mheshimiwa, uliyasema wewe mwenyewe jukwaani, kwa ufasaha kuliko mimi.

Zamani tulikuwa tunajibiwa kwamba tanuru la umeme Kigoma ni ndoto, kwa sababu mkoa mzima unaishi kwa majenereta ya dizeli. Tulilikubali jibu hilo kwa sababu lilikuwa kweli. Umeme ukikatika katikati ya kuyeyusha, chuma kinagandia ndani ya tanuru na mitambo inaharibika. Lakini Oktoba 2022 gridi ya Taifa ilizinduliwa mkoani kwetu, na upo mradi wa umeme wa maporomoko ya mto Malagarasi wa megawati 49.5. Kuyeyusha tani moja ya vyuma kwa tanuru la umeme kunakula uniti 500 hadi 700 hivi. Ni umeme mwingi, hilo nalikubali. Basi tuambiwe kama hautoshi, au laini ya kufika kiwandani haijavutwa, au bei ndiyo inayomshinda mwenye kiwanda. Tukiambiwa tutaelewa. Tunachoshindwa kukielewa ni ukimya.

Ukimya umezaa maneno. Wapo wanaosema mtambo umeshanunuliwa na umekwama bandarini kwa ushuru. Wapo wanaosema benki imegoma kukopesha. Wapo wanaosema faili linasubiri sahihi moja tu, na mwenye kalamu amehamishwa kituo. Mimi nadhani, na ni dhana yangu tu, kwamba mwenye kiwanda anaogopa kutia fedha mahali ambapo anaweza kufungiwa wakati wowote, na ofisi inaogopa kumfungulia kabla hajatia fedha. Kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Kama ndivyo, ni nani mwenye uwezo wa kuwaita wote wawili kwenye meza moja kama si wewe?

Kijana wangu mkubwa, anayesoma chuo, amenisimulia habari za Port Talbot, mji wa Wales huko Uingereza, ambao umeishi kwa chuma miaka mingi. Kampuni ya Tata Steel ilizima tanuru kubwa la mwisho mahali hapo tarehe 30 Septemba 2024 ili lijengwe tanuru la umeme la kuyeyusha vyuma chakavu, kwa sababu ya hewa chafu na kwa sababu ya hasara. Vyama vya wafanyakazi viliomba tanuru moja libaki linawaka mpaka jipya likamilike. Wakakataliwa, na maelfu wakapoteza kazi. Nilimuuliza kijana, hata wazungu? Akasema hata wao. Lakini akaniambia na jambo jingine: huko fedha ilitajwa hadharani, pauni bilioni 1.25, na milioni 500 kati ya hizo ni za serikali yao. Ujenzi wa tanuru jipya ulianza Julai 2025. Watu wameumia, ila wanajua wanasubiri nini. Sisi wa Kigoma tumepata maumivu yao, taarifa zao hatujapata.

Na tusidanganyane kwamba kiwanda kidogo kama hiki hakina maana kwa nchi. Chuma cha kuchimbwa Liganga kule Ludewa tumekisikia tangu tukiwa watoto, na hadi leo kinazungumzwa. Nondo zinazojenga Kigoma zinasafiri kutoka Dar es Salaam, reli ya zaidi ya kilomita 1,200, na kila kilomita inaongeza bei ya darasa na zahanati. Wakati huohuo skrepa zetu zinapakiwa kwenda huko huko. Tangu kufuli lianze kuning'inia, madalali wameshaingia mtaani wananunua vyuma kwa bei ya kuonea huruma, kwa sababu vijana hawana pengine pa kuuza. Reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, ambayo mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, itahitaji vyuma, itahitaji mafundi. Mji huu ulishaunganisha meli nzima: Liemba ililetwa kutoka Ujerumani vipande vipande ndani ya masanduku, ikafungwa hapa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Babu zetu walikuwa kwenye kazi ile. Chuma kwetu si kitu kigeni.

Sheria pia tunazo. Katiba ibara ya 14 inatupa haki ya kuishi, na ibara ya 22 haki ya kufanya kazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na inatoa amri ya kurejesha mazingira, ambayo humtaka mharibifu arekebishe alichoharibu ndani ya muda aliopewa. Sijaona mahali inaposema kwamba kufuli ndilo jibu pekee. Mwenye kiwanda apewe amri hiyo kwa maandishi. Aanze na uwanja na mtaro, maana hivyo havihitaji meli kuleta kitu. Sehemu isiyotoa moshi, kama karakana ya kuchonga na kuchomelea, ifunguliwe watu warudi kazini. Tanuru lizimwe, sawa, tumekubali, mpaka kofia na mifuko vifungwe. Maji ya ufukweni na udongo wa korongoni vipimwe, na majibu yabandikwe ofisi ya mtaa, tuyasome. Akina mama waliopoteza dagaa walipwe.

Nimeomba mengi, naona. Nikisoma upya nahofia utaichukua barua hii, utaipeleka kwenye kikao, na kikao kitaunda kamati, na kamati itakuja kuvaa kofia ngumu. Tafadhali, Mheshimiwa. Tumeshazipokea kamati. Zilikula kibandani kwangu, zikasifu mgebuka wangu, zikaondoka.

Basi naomba moja. Tupe tarehe. Tarehe ya kuanza kumwaga zege, na tarehe ya tanuru jipya kuwashwa, zikiwa na sahihi yako chini. Zikiwa mbali, tutajua ni mbali, nitahamisha kibanda, mume wangu atatafuta kibarua kwenye reli, na tutarudi siku hiyo ikifika. Lakini tarehe tupe, maana mwenye nyumba wangu ananidai kwa tarehe, kikoba kinanidai kwa tarehe, na dawa za mtoto zina tarehe ya kuisha.

Majirani wametia sahihi zao kuunga mkono ombi hili, wavuvi na wafanyakazi kwenye karatasi moja. Nakala iko kwa mwenyekiti wa mtaa na nyingine imeletwa masjala ya ofisi yako. Tunasubiri tarehe.

Wako mtiifu,

Mama lishe wa getini,
Kigoma